Unga wa Marehemu

Aliambiwa akae, akasema yuko sawa. Hakuwa sawa hata kidogo. Mtu aliyefanya upelelezi wa polisi miaka kumi na moja hapendi kukalishwa mbele ya meza ya mwingine, maana viti vya namna hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwapa watu. Kwa hiyo Édouard Kabwita alisimama kati ya dirisha na meza ya Madame Noëlla, faili mkononi, akasoma tarehe zilezile kwa mara ya nne. Kila akizisoma zilizidi kunuka.

Barnabé Kisimba, mvunja mawe wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Alikata bima ya maisha tarehe mbili Mei 1993. Alikufa maji katika ziwa Tshangalele tarehe kumi na tisa Juni, mwaka huohuo. Mkewe, Angèle, alileta habari za kifo jana Jumatatu, Mei 1994, karibu mwaka mzima baadaye. Na katikati hapo, mwezi kwa mwezi, bila kuruka hata mmoja, bima ya marehemu ililipiwa.

"Nani analipia muntu mwenye kufa?" aliuliza Madame Noëlla.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa madai katika Mituweli Tusaidiane, na mituweli yenyewe, chama cha bima cha kusaidiana, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la Mgiriki lililofungwa tangu askari walioasi kambini walipolipora. Noti za zaire zilikuwa zinaoza mifukoni mwa watu. Asubuhi unanunua mkate, jioni noti ileile hainunui kiberiti. Basi mituweli iliachana na noti. Kila mwezi mwanachama alileta meka mbili za unga wa mahindi, kwa kipimo kilekile cha bakuli la sokoni, na akifa, yule aliyemwandika anapewa mifuko mia ya sementi. Mifuko mia ya sementi, Likasi ya mwaka ule, ilikuwa nyumba.

"Bon. Rudilia," alisema Noëlla. Kabwita alikuwa na wiki mbili tu katika kazi hii, na mama huyu alikuwa akimsomesha maneno yake kila asubuhi kama katekista. "Mwenye kukatiwa bima?"

"Barnabé. Uhai wake njo uliwekewa bima."

"Mufaidika?"

"Angèle, bibi yake. Ye njo atapata sementi."

"Prime?"

"Ile bunga. Mwanachama analipa, shiye tunamubebea hatari."

"Sinistre?"

"Tukio lenyewe. Hapa ni kifo."

"Na prime inasimama siku gani?"

Kabwita alitembea hadi dirishani akarudi. "Siku ya tukio. Mwenye kufa haiko tena na hatari ya kufa."

"Voilà. Sasa huyu mama alikuwa analipia hatari gani, miezi kumi?" Noëlla alipiga faili kwa kalamu. "Minye nakuambia, bwana wake iko muzima. Balimulipia juu iko muzima. Sasa bamechoka kulipa, bamenunua karatasi ya kifo. Na iko muntu wa soko alimuona ku Kapolowe, ku gare, na vesti yake ya Kakontwe, namba mia ine na kumi na saba mu mugongo."

"Na kama kweli alikufa?"

"Hata kama. Soma artikle ya tisa. Kifo kinatangazwa mu siku makumi tatu. Huyu alikawia mwaka. Hakuna kitu." Akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Ijumaa saa sita nataka rapporti. Kama iko muzima, faili inaenda polisi, na ule mama analala mu kachot."

Kabwita aliijua kachot hiyo, mahabusu ya polisi. Aliwahi kushika funguo zake. Aliijua pia habari nyingine, ambayo haikuandikwa katika faili: nyumba aliyokaa Angèle na watoto wake wanne huko Kikula ilikuwa ya mzee François, na mzee François alikuwa anahamia Lubumbashi. Alitaka kujenga huko, alitaka sementi, na alimpa mjane hadi Jumamosi. Sementi ikija, nyumba inakuwa ya Angèle. Isipokuja, mtu mwingine ameshaiona na ameipenda.

Jumatano alidandia lori la makaa kwenda Kapolowe. Njia nzima alikaa ukingoni mwa gunia, mguu unacheza, hata dereva akamwuliza kama anaumwa. Kwenye gare, kituo cha treni, aliuliza watu watatu habari za vesti, koti la kazi la bluu, na wa tatu akamwonyesha kwa kidevu. Kweli, yule pale, karibu na mizani ya mahindi, mgongo umegeuzwa: 417.

Kabwita hakuita. Alizunguka upande wa pili kwanza, ili mtu huyo asipate pa kukimbilia. Ndipo akaona mikono ya vesti imekunjwa mara tatu na bado inafika vidoleni. Faili ilisema Barnabé alikuwa mrefu hata akiingia mlangoni anainama. Huyu alikuwa mfupi, na umri wake haukuzidi miaka ishirini na mitano.

"Hii vesti ni ya nani?"

"Ni yangu." Kijana alimpima kwa macho, akatambua polisi hata bila beji. "Ilikuwa ya kaka yangu Barnabé. Minye ni Séraphin. Kisha kilio, banagawa manguo ya mufu. Mukubwa yetu alipata suruali na viatu, minye nikapata vesti. Ilikuwa mubaya?"

"Hapana. Kaburi yake iko wapi?"

"Ku ziwa. Tulimupata siku ya tatu. Hatungeweza kumupeleka Likasi, baba, alikuwa ameharibika."

Walikwenda kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Kijiji cha wavuvi, nyavu zimeanikwa, upepo wa kipwa, yaani kiangazi, unapuliza mchanga machoni. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao za mtumbwi, jina limechomwa kwa chuma cha moto. Kabwita hakutosheka na msalaba. Alimtafuta katekista, akaomba daftari la mazishi, akalikuta jina katika mstari wake, katikati ya mtoto wa surua na bibi kizee, wino uleule, mwandiko uleule. Huwezi kuingiza mtu katikati ya daftari mwaka mmoja baadaye. Kisha akawahoji wavuvi wawili waliomtoa majini, kila mmoja peke yake, nyuma ya nyumba tofauti. Wote wawili walisema kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwapo. Faili ilisema kilikatwa na jiwe huko Kakontwe mwaka 1989.

Basi Barnabé alikuwa amekufa. Nusu ya kazi ilikwisha, na ilikuwa nusu isiyomsaidia mjane kwa chochote, maana artikle ya tisa ilikuwa palepale. Kabwita alirudi Likasi juu ya magunia yale ya makaa, amekasirika, bila kujua anamkasirikia nani.

Alhamisi asubuhi alikuwa Kikula. Angèle alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alimpa kigoda, naye akakaa chini juu ya mkeka. Mara hii Kabwita alikaa, maana kumhoji mjane umesimama ni utovu wa adabu hata kwa polisi.

"Mama, bwana yako alikufa mwezi gani?"

"Mwezi ya sita, kipwa ile ingine."

"Na ulikuja ku biro lini?"

"Siku ya kwanza, juma hii."

"Juu ya nini haukukuja mbele?"

Angèle alimtazama kwa mshangao, kama vile ameulizwa kwa nini hapigi hodi kwa kichwa. "Zamu ilikuwa haiyaisha, baba."

"Zamu gani?"

"Ya asiransi. Barnabé aliniambia ni miezi kumi na mbili. Minye na bamama ya soko tuko na likelemba, shiye bantu kumi na mbili. Kila mwezi kila muntu analeta yake, mumoja anabeba yote. Kama muntu anakufa mbele ya zamu yake, jamaa inashika kiti yake, inalipa mpaka mwisho. Kama haulipe, kiti inapotea, na ile yote alitoa mbele inapotea. Na kuomba mbele ya mwisho, ile ni wizi." Alisema neno hilo bila kupaza sauti. "Nilihesabu. Mwezi ya ine niliimaliza. Mwezi ya tano nikakuja kuomba."

Kabwita alikuna shingo. Miaka kumi na moja alisikiliza watu wakisema uongo, na uongo kwa kawaida huwa laini kuliko hivi. Hakuna mwizi anayebuni hadithi inayomfanya alipe mara kumi zaidi ya anavyopaswa. Lakini Noëlla angesema maneno ni maneno.

"Nitakuamini, mama, lakini minye siye mwenye kuamua. Nipe kitu cha kushika mu mukono."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwa risiti kumi na mbili, zimekunjwa moja moja, zimefungwa kwa uzi. Kabwita alikuwa ameshaziona nakala zake ofisini, vile vipande vinavyobaki katika kitabu cha mkusanyaji: *Kisimba B., meka 2*, na tarehe, basi. Alifungua ya Mei na ya Juni. Zilikuwa vilevile, jina la Barnabé tu. Akafungua ya Julai.

*Tarehe 5 Julai 1993. Imepokelewa kwa Mama Angèle, mjane wa marehemu Barnabé Kisimba, anayeshika nafasi ya mume wake. Meka mbili.* Chini yake sahihi ya Germain, mkusanyaji wa mituweli kwa upande wa Kikula, na juu ya sahihi, muhuri wa zambarau wa nyumba, kama mituweli ilivyojiita.

Akafungua ya Agosti. Vilevile. Ya Septemba, vilevile. Mguu wake uliacha kucheza.

"Nani alimuambia Germain aandike hivi?"

"Minye. Nilimukatalia bunga mpaka aandike. Bandugu ya Barnabé banaweza kukuya kesho na kusema kiti ni yabo. Ku likelemba yetu tunaandika vile, mwenye kufa na mwenye kumushikia."

Kabwita alihesabu kwa vidole, mbele ya mjane, bila aibu. Tarehe kumi na tisa Juni hadi tarehe tano Julai. Akahesabu tena toka nyuma kwenda mbele. Siku kumi na sita.

Germain alikuwa soko la Kikula, upande wa mahindi, ndoo ya kukusanyia unga kati ya miguu yake. Mwanamume mnene kidogo, mpole, wa kuchekacheka na kila mtu. Kabwita alimwekea risiti ya Julai chini ya pua.

"Muandiko ya nani?"

"Yangu, chef."

"Basi ulijua Barnabé alikufa."

"Nani haikujua? Nilikuwa ku kilio. Nililala pale, nilikula samaki yabo." Ndipo akaelewa ameulizwa nini, na kicheko kikamtoka usoni. "Chef, kila contrat yenye kuishi, minye napata nusu meka kila mwezi. Nikisema alikufa, contrat inakufa. Niko na batoto sita."

"Na ye iko na ngapi?"

Germain alitazama ndoo.

"Haungemuambia hata neno moja? Mama, usilipe tena, enda ku biro?"

"Aliniletea mwenyewe, chef. Sikumuomba. Alikuwa ananingoja ku mulango na bunga yake."

Kabwita alitaka kumpiga. Ukweli ndio huo, na zamani, akiwa na beji, angempiga. Badala yake alimwambia aandike aliyoyasema, pale pale, nyuma ya kipande cha gunia la karatasi, na atie sahihi. Germain aliandika taratibu, akilamba kalamu, akauliza jinsi ya kuandika neno marehemu ingawa alikuwa ameliandika mara kumi.

Ijumaa saa tano na nusu faili ilikuwa mbele ya Madame Noëlla. Alisoma habari za kaburi, akakubali kwa kichwa. Alisoma habari za likelemba, akatoa miwani.

"Ile ni huruma, Kabwita. Nayo ninaisikia. Lakini kutojua sheria ya bima haikufungue mu zile siku makumi tatu. Alikawia."

"Hakukawia. Nyumba ilijua siku ya kumi na sita."

"Nyumba njo nani? Minye sikujua. Directeur hakujua."

Kabwita aliweka mezani risiti kumi za mjane, ya Julai juu, na pembeni kipande cha gunia. Safari hii hakutembea. "Germain ni wakala wetu. Anapokea prime mu jina yetu, na muhuri yetu. Mama akimupa bunga, ni nani amepokea?"

"Shiye."

"Kama anakimbia na ile bunga, tunaweza kumuambia mama hakulipa?"

"Hapana. Alilipa. Wakala ni mukono ya nyumba."

"Basi mukono ilipokea bunga, na mukono ileile iliandika mjane wa marehemu. Hauwezi kupokea bunga na kukatala habari yenye kukuya pamoja nayo."

Noëlla alivaa miwani tena. Alisoma risiti zote kumi, moja baada ya nyingine, ingawa zilikuwa zinasema neno lilelile. Barabarani lori lilipita, dirisha likatetemeka. Kabwita alikuwa anazihesabu pamoja naye, jambo lililomuudhi, kwa kuwa nyumba haikuwa yake wala sementi haikuwa yake.

"Juma mbili," alisema Noëlla mwishoni. "Juma mbili tu, na unanigeuzia artikle ya tisa." Akavuta karatasi ya malipo, akaandika mifuko mia, akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa. "Germain aniletee kitabu yake leo. Na zile meka makumi mbili alizolipa kisha kifo, zinarudi. Hatukubeba hatari yoyote, prime si yetu."

Saa tisa alasiri Kabwita alifika Kikula akisukuma baiskeli, gunia la unga limefungwa nyuma. Angèle alikuwa uani anakaanga vitumbula vya kuuza. Alimpa habari kabla hajaegesha baiskeli: mifuko mia, kesho asubuhi lori litaishusha hapa mlangoni, na mzee François ameshatia sahihi kwamba nyumba ni ya Angèle. Angèle alikaa chini. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akageuza vitumbula visiungue.

"Na ile gunia?"

"Ni bunga yako. Meka makumi mbili. Ile ulilipa kisha Barnabé kufa."

"Banairudisha juu ya nini?"

Kabwita alimweleza, kwa maneno yaleyale aliyosomeshwa. Bima si likelemba. Hakuna zamu, hakuna kiti cha kushika. Siku aliyokufa mume wake ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na baada ya hapo hakudaiwa hata kikombe.

Angèle aliacha mwiko ndani ya mafuta. "Hata mwezi ya saba?"

"Hata mwezi ya saba."

"Na mwezi ya kumi?"

"Hata ile, mama."

Aliutoa mwiko, akaushika. "Mwezi ya kumi bunga ilikuwa haiko Likasi muzima," alisema. "Nilipata meka mbili tu. Nikazifunga mu kitambaa, nikamungoja Germain. Batoto balikunywa maji ya majani siku tatu. Siku ya tatu ule mudogo alikuwa hata halie tena. Na bunga ilikuwa pale, mu kona, banaiona."

"Lakini mama, kama haungelipa, hakungekuwa karatasi. Na bila karatasi hakungekuwa sementi. Ile njaa njo imeokoa nyumba." Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeithibitisha, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeweza kuipinga.

"Usiniambie vile, baba," alisema Angèle. "Iko kweli, lakini usiniambie. Weye haukukuwa hapa."

Kabwita aliona haya, haya ya kweli, akabaki anafungua kamba ya gunia ili mikono ipate kazi.

Angèle aliipua vitumbula vyote, akaweka kando. Akamwita binti yake mkubwa, Mélanie, mwenye miaka minane, akamwambia aweke maji katika sufuria kubwa, ile ya kilio. Akachota unga wake mwenyewe, bakuli la kwanza, bakuli la pili, akausonga ukiwa mzito, akawaita wengine watatu kutoka barabarani. Katika nyumba ile walikula mara moja kwa siku, usiku ukiingia. Watoto walisimama wakiitazama bukari, ugali unaofuka mvuke mchana kweupe, hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Mélanie aliuliza kama leo ni sikukuu.

"Hapana," mama yake alimjibu, akimmegea mdogo kipande cha kwanza. "Hii ni bukari ya mwezi ya kumi. Kesho tutakula ya mwezi ya kumi na moja."